Regulateri moja kubwa ya nyumba nzima? Lubumbashi, hapana

Frigo inakufa, fundi anabadilisha mota. Haipiti muda, televisheni nayo inatoa moshi. Inafuata pompi ya maji, halafu mota ileile mpya ya frigo inaanza kupiga tak, tak, bila kugandisha kitu. Hapo ndipo mwenye parseli (kiwanja) ya Katuba au Ruashi anakunja pesa yake, anaenda soko la komuni ya Kenya hapahapa Lubumbashi au maduka ya mjini, na kuomba regulateri, kile kifaa cha kusawazisha volti, iliyo kubwa kuliko zote zilizoko: VA 10,000 (volti mara amperi), yenye magurudumu na kioo cha namba, ilinde nyumba nzima. Muuzaji hatabisha.

Hukumu yetu tunaiweka mwanzoni kwa ajili ya mwenye haraka. Regulateri ya nyumba nzima ni ununuzi mbaya kwa nyumba nyingi za hapa. Kinachofaa ni kikata-umeme kidogo cha kufunga kwenye reli ya tablo, lile boksi la swichi kuu, amperi 63, kwa nyumba yote, pamoja na regulateri ya rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya VA 2,000 kwa frigo peke yake. Kabla ya vyote viwili, nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, ikazwe. Vinavyobaki dukani, yaani regulateri za servo na vile vikata vidogo vya kuchomeka kwenye prizi, vina watu wao lakini si wengi.

Sababu ni kwamba nyumba inaumwa magonjwa mawili yaliyo kinyume, na watu wanayatibu kwa dawa moja. Kuna umeme mdogo, ule wa jioni, na kuna umeme unaoruka ghafla. Umeme mdogo unaua mota: frigo, konjelateri (friza), pompi, feni. Umeme unaoruka unaua vyenye kadi za elektroniki: televisheni, dekoda, chaja, frigo za inverta. Kifaa cha kuinua volti hakikuundwa kwa ajili ya kukata, na cha kukata hakiwezi kuinua hata volti moja.

Umeme mdogo hauletwi na umbali wa bwawa la umeme la Inga, ingawa lawama huishia huko. Laini ile ya Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ni ya umeme wa mkondo mnyoofu, iliwashwa mwaka 1982, na ikifika Kolwezi umeme unageuzwa tena kabla ya kuendelea. Njaa ya volti inaanzia karibu zaidi, kati ya kabini ya kartye, yaani transfoma ya mtaa, na nyumba yako. Kabini inatoa volti 380 kati ya fazi na fazi, 220 kati ya fazi na nyutro. Ikiwa ilipangiwa nyumba chache na sasa inalisha kartye nzima, kwa nyaya ndefu na nyembamba, wa mwisho kwenye laini anapata masalio. Saa kumi na mbili jioni reshu, yaani majiko ya umeme, za kupikia bukari (ugali) zinawaka zote pamoja, na mwezi wa sita na wa saba, baridi ikibana, watu wanaongeza hita. Kwa mtu wa mwisho mita inasoma 160, mara 150.

Kwa frigo ya kawaida, namba hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka inafuata mraba wa volti. Chukua 160 gawa kwa 220, zidisha jibu kwa lenyewe: imebaki asilimia 53. Mota inavuta, haizunguki, na ikikwama hivyo inakula amperi mara tano hadi saba ya kawaida. Klikisoni, kile kikata-joto kilicho ubavuni mwake, inapata joto na kukata, inapoa, inarudisha. Hiyo ndiyo tak, tak. Usiku mmoja haiui. Miezi miwili ya hivyo inapika vanishi ya nyaya za ndani mpaka zinagusana, na fundi akiipima anakuta imeungua.

Umeme ukirudi baada ya delestaji (mgao wa umeme) hali ni mbaya zaidi, maana gesi bado ina mgandamizo mkubwa upande mmoja. Frigo inahitaji dakika tatu hadi tano mgandamizo ulingane kabla ya kuanza tena. Umeme unaorudi, kukatika na kurudi ndani ya dakika moja ni mbaya kuliko giza la siku nzima.

Televisheni haijali haya yote. Soma kibandiko cha nyuma: nyingi zimeandikwa 100–240 V. Kwa 140 inafanya kazi bila shida, pamoja na chaja ya simu na taa nyingi za LED. Inachokufa nacho ni nyutro iliyokatika. Nyutro ya laini ikikatika au kulegea, nyumba za fazi tofauti zinajikuta zimeungwa kwa mfululizo juu ya volti 380, na yule mwenye mzigo mdogo anabeba sehemu kubwa ya hizo volti. Umeme wa 220 ukinyooshwa ndani ya televisheni unafika volti 311, na kopo kubwa la kapasita limeandikwa 400 au 450. Umeme wa 380 ukinyooshwa unafika 537. Kapasita inapasuka, na ile sahani ndogo ya buluu iliyoandikwa 471 karibu na fyuzi inakuwa mkaa. Ukifungua televisheni iliyoungua ukakuta hiyo sahani imepasuka na fyuzi imekuwa nyeusi kwa ndani, si televisheni mbovu. Ukibadilisha kadi bila kushughulikia nyutro, utanunua kadi nyingine.

Kwa hiyo pima kwanza. Multimeta ya kawaida inatosha, na yeyote anayefikiria kutumia pesa ya regulateri anaweza kuinunua. Pima kwenye prizi saa tisa mchana, saa moja jioni, na alfajiri watu wamelala. Alfajiri ndiyo saa inayosahaulika, na ndiyo inayoonyesha kama laini yako inapanda kupita 240. Kisha, jioni, washa reshu moja na upime sehemu mbili: pale mita ya umeme inapotoa, na kwenye prizi ya frigo. Pale kwenye mita, mwachie fundi afanye. Kama kwenye mita volti zinashuka sana, tatizo liko nje. Kama mita inasoma 205 na prizi inasoma 180, tatizo ni nyaya zako, na hakuna regulateri utakayohitaji.

Nyaya za ndani zinastahili mashaka. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 ukienda mita 30 na kurudi una takriban omu 0.7, na reshu ya wati 1,500 inapoteza hapo karibu volti 5. Hiyo inavumilika. Lakini nyaya nyingi za bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba, na upinzani wake ni karibu mara moja na nusu. Kwangua kwa kisu: ndani kukiwa cheupe, ndiyo hiyo. Ongeza ralonji (nyaya za kurefusha) mbili zilizochomekwa moja ndani ya nyingine na adapta iliyolegea, na frigo imepoteza volti 20 ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Dalili ya nyutro iliyolegea ni rahisi kuitambua: ukiwasha pasi, taa za chumba kingine zinaongeza mwanga badala ya kufifia, au volti zinapanda na kushuka bila mpango. Hilo kwa nyumba yenye fazi zaidi ya moja. Kwa nyumba ya fazi moja, angalia jirani: kwako kunafifia, kwake kunawaka kupita kiasi. Ukiona hivyo, chomoa televisheni na frigo sasa hivi na uite watu wa laini. Usinunue kitu siku hiyo.

Sasa vifaa vyenyewe.

Regulateri ya rilei ndiyo iliyojaa madukani. Ndani ina transfoma, kadi ndogo, na rilei nne au tano zinazochagua transfoma itoe wapi. Sauti ya klik unayoisikia jioni ni rilei zinahama. Kwenye boksi imeandikwa inapokea 140–260 V na kutoa 220 kwa usahihi wa asilimia 8, maana yake kati ya 202 na 238. Kwa frigo hiyo inatosha kabisa. Usilipe zaidi kutafuta usahihi ambao mota haiutambui.

Tatizo liko kwenye namba ya VA. Kwanza VA si wati. Pili, namba kubwa ya kwenye boksi ni ya wakati umeme ni mzuri, yaani wakati huihitaji. Volti zikishuka kuelekea 140, uwezo halisi wa regulateri za aina hii huwa karibu nusu. Ya VA 2,000 inabaki na 1,000 hivi. Frigo ya wati 150 inaomba mara tano hadi saba yake kwa sekunde ile ya kuanza, karibu 1,000. Ndiyo maana tunasema 2,000 kwa frigo moja, na si 1,000 ambayo muuzaji atakwambia inatosha "kwa sababu frigo inakula 150 tu". Konjelateri pamoja na frigo: 3,000 na kwenda juu, au mbili tofauti, na sisi tungechagua mbili.

Dukani, linganisha uzito. Weka mbili zenye namba moja ya VA pembeni, inua moja kwa kila mkono. Nyepesi ina chuma kidogo, au nyaya za alumini, au vyote. Ukubwa wa boksi si hoja, tumefungua maboksi mapana ambamo transfoma imekaa kama mgeni kwenye kona. Omba pasi ya wati 1,000, ichomeke, pima kwa multimeta yako pale inapotoa. Kioo cha namba usikiamini: vingine vinaandika 220 kila wakati, hata umeme ukishuka. Kwa volti za kawaida, pasi ikiwaka, umeme unaotoka usishuke chini ya 200, na boksi lisinuke vanishi baada ya dakika kumi. Muuzaji anayekataa kipimo cha dakika kumi amekwisha kujibu swali.

Angalia pia kitufe cha kuchelewesha. Kwa kawaida kina nafasi mbili, sekunde 6 na sekunde 180. Mara nyingi kinatoka kiwandani kikiwa kwenye 6, na wengi hawakigusi kamwe. Kwa frigo weka 180. Frigo ikichelewa kuwaka umeme ukirudi, hiyo ndiyo kazi uliyoilipia, mama wa nyumba aambiwe mapema asije akakibofya tena.

Ugonjwa wa regulateri ya rilei ni midomo ya rilei kugandana. Kila kuhama kunatoa cheche, na jioni moja ya umeme unaoyumba inahamisha mara nyingi. Siku moja midomo inashikana kwenye nafasi ya kuinua. Transfoma inayogeuza 140 kuwa 220 inazidisha kwa 1.57. Usiku watu wamezima reshu, umeme umerudi 220, rilei bado imeshikana: 220 mara 1.57 ni 345. Regulateri nyingi zina ulinzi wa kukata umeme unaotoka ukizidi, lakini anayekata ni rilei nyingine ya aina ileile, kwenye kadi ileile.

Hapa ndipo regulateri ya nyumba nzima inapoanguka. Ikigandana, inapeleka 345 kwenye kila chumba. Kingine ni amperi. Mzigo wa wati 1,000 kwa volti 220 unavuta amperi 4.5. Regulateri ikiutoa huohuo kutoka kwenye 140 inavuta 7.1, bila kuhesabu upotevu. Ya VA 5,000 ikishiba inadai amperi 36, ya 10,000 inadai 71, wakati disjonkteri (swichi inayojikata) ya nyumba ni 32 na waya unaotoka kwenye nguzo haukupangiwa hayo. Inaangusha disjonkteri jioni, mtu anaweka disjonkteri kubwa zaidi, waya unayeyuka. Tena kila regulateri inayovuta zaidi inaishusha laini zaidi, jirani naye ananunua yake, na kartye nzima inashindana kunyonya mrija mmoja. Kuinua volti za taa za LED na chaja, ambazo hazikuomba kuinuliwa, ni kulipia ushindani huo bure.

Ikiharibika, regulateri ya rilei inatengenezeka, na hili ni jambo kubwa la kuipendea. Rilei zake ni za kawaida, koili ya volti 12 au 24, midomo imeandikwa amperi 30. Badilisha zote pamoja, si ile moja iliyogandana, kwa sababu nyingine zimefanya kazi saa zilezile. Fundi apake risasi ya kulehemu, nene, juu ya njia pana za kadi. Ikiwa haiwaki kabisa na fyuzi ya nje ni nzima, kuna fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya karatasi ya transfoma. Wapo wanaoiruka kwa kipande cha waya. Fundi akikwambia ameiruka, rudisha regulateri kwake: kitu hicho ndicho kilichosimama kati ya transfoma iliyozidiwa na pazia lako.

Servo, ile yenye herufi SVC, inatumia mota ndogo inayosogeza brashi ya kaboni juu ya nyaya za transfoma. Volti zake ni laini, usahihi wa asilimia 3 au chini, haina klik. Lakini ni ya polepole. Umeme ukiruka kutoka 150 hadi 230 kwa mpigo mmoja, brashi bado iko njiani na kinachotoka kimepita 300 kwa muda. Brashi inaisha, vumbi la kaboni linachafua njia, na vumbi jekundu la kiangazi la hapa linaongezea. Kwa studio ya picha au mashine ya maabara inayosafishwa kila baada ya miezi michache, sawa. Kwa frigo ya nyumbani, bei yake haina sababu.

Kikata kidogo cha kuchomeka kwenye prizi, wanachokiita mlinzi wa frigo, ni bei nafuu na kinafanya kitu kimoja: kinakata volti zikishuka chini ya 185 hivi au kupanda juu ya 260, kisha kinangoja dakika kadhaa. Kwa mtu wa karibu na kabini, mwenye 200 na zaidi jioni, ndicho hichohicho, asinunue kingine. Kwa mtu wa mwisho wa laini kitaacha frigo imezimwa kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku, nyama ioze ndani ya frigo iliyolindwa vizuri.

Kikata cha reli ndicho tunachokisifu, na ndicho ambacho wauzaji hawakisukumi kwa sababu faida yake ni ndogo. Ni kiboksi cha upana wa disjonkteri mbili, chenye kioo kinachoandika volti na amperi, na vitufe vya kupanga mipaka. Kinafungwa baada ya disjonkteri kuu na kabla ya matawi ya nyumba. Chenyewe si disjonkteri: ndani yake kuna rilei, na mzunguko mfupi unaweza kuigandisha. Kwa hiyo mbele yake pawe na disjonkteri ndogo kuliko yeye, 32 au 40 kwa kikata cha 63. Chagua kilichoandikwa kinavumilia volti 400 au zaidi, maana siku ya nyutro kukatika kitapokea hizohizo.

Kufunga: zima disjonkteri kuu, hakikisha kwa multimeta, kisha fazi na nyutro ziingie upande ulioandikwa kuingia, zitoke upande mwingine. Mchoro uko ubavuni, usome, kwa kuwa si vyote vinaingilia juu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6, ncha zimenyolewa sentimita moja, hakuna shaba inayoonekana nje ya skrubu. Kaza, vuta waya kwa mkono, kaza tena. Baada ya wiki mbili zima umeme na ukaze mara ya tatu, hasa nyutro. Skrubu ya nyutro iliyolegea kwenye tablo yako ni ugonjwa uleule wa laini, umeuleta ndani.

Mipangilio ya kiwandani mara nyingi haifai hapa. Mpaka wa juu: weka 255, au 250 kama alfajiri yako haipandi. Mpaka wa chini: hapa watu wanakosea kwa kuweka 190 ili "kulinda". Matokeo yake jioni kinakata, mzigo ukiondoka volti zinapanda kidogo, kinarudisha, reshu inavuta, kinakata tena, na nyumba inawaka na kuzima usiku kucha. Weka 145 au 150. Frigo ina regulateri yake, televisheni inavumilia, pompi tutaisemea. Muda wa kurudisha: sekunde 60 zinatosha kwa nyumba, kwa sababu regulateri ya frigo inaongeza 180 zake juu. Ukiweka 300 hapa na 180 kule, frigo inangoja dakika nane, na kartye yenye umeme wa kukatika kila nusu saa haina dakika nane za kupoteza.

Kinakata ndani ya chini ya sekunde moja. Kwa nyutro iliyokatika hiyo inatosha kuokoa vingi, si vyote. Sahani ya buluu ya televisheni inaweza kufa ikikulinda. Ni kipuri kidogo, mwachie afe. Radi ni habari nyingine kabisa. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne hakuna kimoja kati ya vifaa hivi kinachozuia radi, kwa kuwa radi inamaliza kazi yake kabla rilei haijafikiria. Parafudri (kinga ya radi) ya tablo inasaidia ikiwa ina waya wa ardhi wa kweli, fimbo ya shaba ya mita 1.5 iliyoingia yote, si msumari nyuma ya jiko. Udongo wetu mwekundu ukikauka mwezi wa nane unapitisha umeme vibaya, kwa hiyo fimbo ipigwe mahali maji ya kuogea yanapomwagika. Na mawingu yakijikusanya, chomoa, pamoja na waya wa antena.

Pompi ya maji ya farasi mmoja usiiunge kwenye regulateri ya 2,000, itaigandisha rilei katika siku chache. Iwashe saa volti ziko juu, usiku wa manane au mchana, ujaze tanki. Taimeri ya tablo inafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko regulateri yoyote ya kuibeba pompi.

Yabaki matengenezo ya kilichokwisha kuharibika, maana mtu anayesoma haya huenda tayari ana frigo iliyokufa. Usikubali mota mpya kabla fundi hajafanya vipimo vitatu mbele yako. Atoe rilei ya PTC, ile ya kuanzishia mota, pembeni mwa mota, aitikise: ikilia kama kete, imepasuka. Ikiwa kimya, ipimwe ikiwa baridi, nyingi zinasoma kati ya omu 10 na 30. Klikisoni ikiwa baridi isome karibu sifuri. Kisha pini tatu za mota: kati ya mbili zozote kuwe na namba, na namba kubwa iwe jumla ya zile mbili ndogo, mfano 12, 18 na 30. Pini na chuma cha mota kusiwe na mawasiliano kabisa. Namba zikikaa hivyo, mara nyingi mota ni nzima na unahitaji PTC na klikisoni, vipuri vya bei ya chakula cha siku, si mota.

Mota ikiwa kweli imeungua, bei iwe pamoja na filta mpya na kuvuta hewa kwa pompi ya vakyumu nusu saa angalau. Anayesafisha bomba kwa kupitisha gesi anakuachia unyevu ndani, unaganda kwenye bomba jembamba, na frigo itagandisha siku mbili kisha kuacha. Gesi ipimwe kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Gesi ya R600a inawaka moto: madirisha wazi, na hakuna kuchomelea bomba kabla gesi yote haijatoka. Kama gharama ya mota, filta, gesi na kazi inapita nusu ya bei ya frigo kama hiyo iliyotumika lakini bado nzuri, sisi tungeacha. Na omba mota ya zamani ubaki nayo, hata kama utaiuza kwa wakusanya vyuma. Fundi anayejua kuwa utaibeba hataibadilisha bila sababu.

La mwisho ni la dukani. Mzigo unaopita mpaka wa Kasumbalesa huja na fishi (plagi) za Afrika Kusini zenye pini tatu nene, au zile za mraba za Zambia, na muuzaji anakupa adapta ya bure. Itupe. Nyingi hazishiki waya wa ardhi, na kwa mzigo wa frigo zinalegea na kuyeyuka. Kata fishi, funga ya pini mbili za mviringo yenye tundu la ardhi, amperi 16, waya wa kijani na njano ukiingia mahali pake. Lakini fanya hivyo baada ya siku za garanti kuisha kama garanti ipo, au muuzaji aandike kwenye fakture kwamba amekuruhusu, kwa sababu fishi iliyokatwa ndiyo kisingizio cha kwanza watakachokishika utakaporudi.